Kanga Saba

Redio ile ilitoka kwa fundi Lwamba, kule Kamalondo,
imefungwa kwa raba ya baiskeli,
antena yake waya wa mota iliyoungua.
Nililipa nusu fedha, nusu mikate ya kukaanga.
"Mama Kapya," akaniambia, "zungusha polepole.
Ukishampita padri, ukishaupita muziki,
hapo ndipo askari wanapoongea."

Nilizungusha.
Kupita padri, kupita muziki, kupita bei ya mahindi,
na mume wangu akakohoa jikoni kwangu
naye yuko Ruashi.

Miaka kumi na mmoja nilimsikiliza, hajui.
Mchana redio ililala ndani ya mfuko wa unga.
Kanga Saba, ndilo jina walilompa hewani;
ofisi yao ilipenda ndege: Kozi ndiye mkubwa,
Bundi wa stoo,
Kanga Saba, Kisimba wangu, mguu mmoja mbovu.
"Kanga Saba, nakupata tano juu ya tano."
Hapo nafunika makaa kwa majivu, nalala.
Akisema "tatu juu ya tano," nakaa.

Sikuwa peke yangu.
Siku moja walivamia nyumba kule Katuba,
wakakuta sombe bado inafuka kwenye sahani,
vitanda sita vyenye joto, mtu hakuna,
na juu ya meza redio, ndugu wa ile yangu,
raba ileile ya baiskeli,
ikiwatangaza wao wenyewe kwamba wamefika.
Kisimba alinisimulia akicheka.
Mimi nilikuwa nawaza vidole vya fundi Lwamba.

Mwaka uliofuata walimvizia Kanga Mbili kwenye reli
kwa sababu alikuwa amesema: niko kwenye reli.

Ndipo makasha yakashuka kutoka Kinshasa,
redio ndogo, nyeusi, nzito kama jiwe la shaba,
na kijana mwenye miwani akawafundisha
kwamba sauti sasa inakatwa vipande, inageuzwa namba,
namba zinavurugwa kwa ufunguo,
na ufunguo wenyewe hautundikwi mlangoni.
Kisimba alinieleza hayo akimega bukari.
"Hata wewe, ukapande juu ya mumbunda
na antena ndefu kama lile bomba la moshi,
hutaambulia neno."
Alifurahi. Hakujua anamwambia nani.

Usiku huo nilizungusha.
Padri yupo. Muziki upo. Bei ya mahindi imepanda.
Kisha, palepale pao: chrrrrr,
mafuta yakipokea unga mbichi.
Kimya. Tena chrrrrr.
Hakuna kanga, hakuna bundi,
ndege wote wameingia kwenye kikaango.

Niseme ni vizuri. Ni vizuri.
Mjane wa Kanga Mbili hununua mikate kwangu kila asubuhi,
na sijawahi kumwambia kwamba neno lile, reli,
nililisikia nikiwa nimelala chali, salama,
kabla yake.

Lakini mwili una desturi zake.
Wiki ya tatu, umeme umekatika, betri mpya,
nikaanza kupima.
Bundi anaongea mno: chrrrrrrrrrrrr, hadi kikaango kinataka kuungua.
Kozi anakata, anarudia, anakata.
Na kuna moja fupi, kavu,
inayochelewa kidogo kuanza,
kama ya mtu anayemaliza kukohoa ndipo abonyeze.
Siwezi kuapa.
Ila niliisikia saa nane na dakika tisa,
nikafunika makaa kwa majivu.

Alfajiri akarudi, akavua viatu, ule mguu mbovu kwanza.
Mdomo ukanitangulia:
"Saa nane na dakika tisa ulikuwa unasema nini?"

Aliniangalia. Akauangalia mfuko wa unga.
Akanyoosha mkono, akachukua mkate wa jana,
akaumega,
akatafuna muda mrefu sana.