Orodha Yangu ya Mwaka, Oulu

Gemu ya tano: ile ya mapanga.
Niliinunua kwa bei ya kuumiza,
nikafa mara arobaini darajani palepale, nikairudisha dukani.
Ya nne nimesahau jina. Kulikuwa na mbweha.

Ya tatu, mbio za magari. Januari nzima
theluji dirishani, theluji kwenye skrini.

Ya pili ingekuwa ya kwanza
kama Tuukka asingehamia Turku
akaniachia shamba letu la watu wawili,
ng'ombe wake wakinikodolea macho, hawajakamuliwa.

Ya kwanza, mnicheke tu, ni ya matofali yanayodondoka,
kwenye simu ya mama, foleni ya hospitali,
namba themanini na tatu mkononi.
Alinishinda kwa pointi sita.
"Zamu yako," akasema,
wakaita namba yetu.