Viua

Kwanza huja kiua kimoja
pembeni mwa jicho la kushoto,
tundu la sindano tu. Halafu kingine, na kingine,
vinajishona vyenyewe kwa uzi wa kumetameta
mpaka nusu ya uso wa mteja imefunikwa,
nami namjibu, "Ijumaa itakuwa tayari, inshallah,"
na mdomo wake siuoni.

Hapa Wete nashona kofia za viua,
moja miezi mitatu.
Wakasema ni macho, acha sindano.
Nikaacha mwezi mzima, kikaja vilevile.
Wakasema hasadi.
Wakasema nina mwenyewe kichwani, anataka ubani;
wakanifukiza. Loo, moshi ule!
Nilitapikia chetezo.

Viua vikifutika ndipo maumivu hutwanga,
upande mmoja, kinu kimoja.
Karafuu za jirani kwenye jamvi
hazinukii tena, zinanuka.
Mlango wa mtu ukibamizwa, umebamizwa kwangu.
"Mize, mwanangu, shusha pazia.
Na redio. Hata kama ni kasida, zima."
Kesho yake niko kama gunia lililokung'utwa,
naomba chai, naomba radhi.

Tabibu wa kituoni, Shaame Faki, hakucheka.
Aliuliza: upande gani, saa ngapi,
ulilala, ulikula, siku zako zimekaribia?
Kisha akakitaja: kipandauso.
Jina tu, nikalia.
Miaka kumi na moja jina lilikuwa uvivu.
Akanipa daftari la skuli. "Andika kila kikija."
Na vidonge: "Umeze mapema, kisijakomaa.
Lakini si kila siku, Bi Raya.
Dawa ikizidi, nayo huwa kichwa."

Basi nimekijua
kama mke amjuavyo mke mwenziwe:
hatua zake, hodi yake, siku yake ya kuondoka.

Ndiyo maana, asubuhi ile ya Mfunguo Tatu,
wifi yangu Bikombo aliposhika kisogo
juu ya mbuzi, nazi mkononi,
akasema "Yala—" na neno lisimalizike,
na wenzangu wakasema,
"Ni kama cha Raya, mlazeni gizani kitapita,"
mie nilisema hapana.

Changu hubisha hodi. Hiki kimevunja mlango.

"Bikombo, cheka." Akacheka nusu.
"Inua mikono." Mmoja ulikuja,
wa pili ukabaki mapajani
kama umesahauliwa na mgeni.
Tukalisimamisha gari la Khatib la matofali,
tukampakia hivyo hivyo, chicha vidoleni,
mie na kanga ya jikoni.
Njia nzima nilikuwa nakitukana kichwa changu
kwa kuwazoesha watu kungoja.

Hospitali muuguzi aliuliza lilianza saa ngapi.
Wote wakatazamana.
Saa nne na dakika kumi, nikasema.
Mkono wangu umezoea kuandika.

Sasa hufika ukumbini kwa mkongojo.
Maneno mengine huyatafuta, huyakosa, hunitukana mimi.
Jana alinishikia kofia kwa mkono ule,
nikapitisha sindano.
Ukatetemeka. Kiua kimekaa upande.

Mwenye kofia atauliza.
Sikifumui.