Kalamu ya Risasi

Jumatatu, kidato cha pili B, kipindi cha tatu,
niligawa vikaratasi vya ukubwa wa kiganja.
Andika unavyojisikia hesabu zinapoanza.
Usiandike jina.
Kana kwamba mwalimu wa miaka kumi na mmoja
anahitaji jina ili aujue mwandiko.

Wavulana waliandika kwa wino.
"Nazipenda." "Rahisi." "Nitakuwa injinia."
Mmoja alichora simba, sikumwuliza.

Wasichana waliandika kwa penseli,
herufi ndogo, zimebanana ukingoni
kama watu waliokimbilia mvua chini ya upenu mwembamba.
"Tumbo linaniuma." "Naogopa kuitwa ubaoni."
Bibi yangu aliiita kalamu ya risasi,
na kweli wanaishika hivyo,
kama kitu kitakachowalipukia.
Kikaratasi kimoja kilifutwa, kikafutwa, hadi kikatoboka.
Nilikiinua dirishani:
palipokuwa na neno
nikaona kipande cha Majengo, na bodaboda ikipita.

Jumatano nikarudisha majaribio.
Eliufoo, yule injinia, thelathini na nne.
Akacheka, darasa zima likasikia,
akaikunja karatasi mara nne
akaisukumia ndani ya soksi.
Baba yake ameshawatangazia majirani.

Aikande, sabini na tisa.
"Nimeotea tu, mwalimu."
Maswali kumi, kila hatua mahali pake.
Mtu haotei hatua, nikamwambia.
Akaangalia viatu.

Jumamosi nikamkuta Kiboriloni, kwenye ndizi za mama yake.
Mikungu mitatu, elfu kumi na mbili na mia tano kila mmoja.
Mteja bado anapekua pochi,
Aikande ameshasema thelathini na saba na nusu,
na chenji ya hamsini iko vidoleni
kabla hamsini yenyewe haijatoka.
"Umeona?" nikasema. "Hesabu hizo."
"Hapana, mwalimu. Hizi ni ndizi."

Nilicheka njia nzima hadi Rau.
Nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimeisha,
sijui kilidondoka wapi.

Usiku huo nikafungua nakala za ripoti za Desemba.
Eliufoo Temba: *Ana akili sana. Aongeze juhudi.*
Aikande Mlay: *Ana bidii.*
Nikageuza ukurasa. Kundaeli: *Ana akili, ila mtundu.*
Apaikunda, wa kwanza darasani mihula miwili:
*Msichana mwenye bidii na nidhamu.*
Nikageuza tena. Tena.
Akili huku, bidii kule,
kama vyoo vya shule vilivyoandikwa milangoni.

Hakuna aliyenishika mkono.
Mwandiko ni wangu, na ni wa wino.

Nikatafuta wembe,
nikakwangua neno moja taratibu
kama tulivyofanya zamani, kabla mwalimu hajapita.
Karatasi ikatoboka.
Nikachungulia.
Meza yangu tu, na kalamu ikiwa wazi.