Msumeno Usioshika

Sadi kaniletea msumeno wa betri
kaufunga kikoini kama mtoto mwenye homa.
"Ukengee hautulii, Famau. Juzi kule Mkomani
nakata boriti za dari ya kale,
ukachomoka, ukamwangukia punda wa watu."

Punda hajambo. Mashine ndiyo mgonjwa.

Kwanza natoa betri: kidole hakina spea.
Pete ya mdomoni, ile ya kuzungusha,
yaenda nusu, kisha yagoma.
Naitia mafuta ya taa, nanywa kahawa, nangoja.
Yatoka matope: chumvi, kutu,
chokaa ya nyumba iliyojengwa kabla ya babu zetu.

Kwa sindano ya kushonea kofia
(mke wangu asijue)
nachokora hadi kinadondoka kipande cha ukengee wa zamani,
kidogo kama ukucha.
Kumbe wewe ndiye uliyekalia kiti cha mwenzio!

Bado. Springi imelegea kama ahadi ya Sadi.
Langoni hamna. Mokowe hamna.
Mombasa wasema wiki mbili, na tuma pesa kwanza.

Jicho langu likatua juu ya daftari la madeni,
juu ya kalamu ya kubonyeza.
Nikaipasua.
Nikakata mizunguko miwili, nikaibana kwa koleo.
Kat!
Nauvuta ukengee, nauvuta tena kwa mguu ukutani.
Umeshika.

Sadi acheka, afunga kikoi chake.
"Niandikie basi. Mwisho wa mwezi."

Nafungua daftari, nabonyeza kalamu:
ncha yarudi ndani.