Mashoto

Wameniweka safu ya tatu, katikati,
na chupa ya maji, na kijana wa kunishika mkono
kana kwamba mimi ni bilauri.
Ukumbi bado unanuka gundi na mbao mbichi.
Nje Ruwi inachemka; humu kiyoyozi
kinanitafuta magoti.

Mchezo ni wetu, mimi na Sleyum.
Saa mbili na robo, nyimbo kumi na nne,
udi, fidla, na binti wa Salala anayepuliza zumari
mashavu yamemvimba kama maandazi.
Mimi ni yule mwembamba mwenye fulana nyeupe.
Amenipa sauti nzuri.
Sikuwahi kuwa na sauti nzuri.

Wanaimba chumba chetu cha Matrah, mwaka sabini na tatu:
kitanda kimoja tukilala kwa zamu,
makopo ya rangi za mabango,
nyekundu ya duka la mchele, kijani ya fundi saa,
na feni iliyokuwa ikikohoa.
Yote kweli.
Ila feni, ndani ya wimbo, imekuwa maana ya kitu.
Feni ilikuwa feni.

Kisha wanatugombanisha kwa ajili ya mwanamke.
Jina lake Raya, ana shela ya buluu,
na watu, nadhani, watalia.
Mwandishi ananiinamia: Ndivyo ilivyokuwa, babu?
Namwambia: Karibu.

Tuligombana kwa ajili ya mlima, mwanangu.
Yeye alichora Unguja kila usiku,
Unguja aliyoiacha ana miaka kumi na moja:
karafuu mkekani, ukuta uliota ukungu,
mvua, mvua, mvua,
na buluu yake ikimwishia akaiba yangu.
Nikamwambia: Sleyum, fungua dirisha.
Huo hapo mlima, uchi, rangi ya kiatu kikuukuu,
jua likishuka unageuka zambarau
na hakuna aliyeuchora. Uchore huo.
Akasema: Mlima huo haunijui.
Nikasema: Na Unguja imekusahau.

Ulimi hauna mfupa, wasema.
Wangu siku ile ulikuwa na meno.

Alizichovya brashi zangu zote katika lami.
Nami nikabeba picha yake kubwa, ya uani kwa bibi yake,
nikamuuzia Banyani wa vitambaa kwa riali sita,
nikanunua mishikaki nikala peke yangu, nimesimama,
hata chumvi sikuisikia.

Miaka tisa.
Tukipishana sokoni salamu zilipitia kwa muuza halua:
Mwambie yule, namsalimu.
Naye anakusalimu.
Na mwiko hewani, ukidondosha.

Jukwaani tunakumbatiana. Wimbo wa kumi na tatu.
Taa zinashuka rangi ya asali,
wapiga fidla wanasimama wote.
Mimi nilifika hospitali na kopo la buluu
ndani ya mfuko wa plastiki
nikakuta kitanda kimeshatandikwa.
Hilo sikumwambia mwandishi.

Nilichofanya, nilinyanyua bakora.
Simamisheni! Sleyum alikuwa mashoto.

Zumari likakatika.
Yule mwigizaji, kijana wa Sur,
akatabasamu kwa aibu, akahamisha brashi,
na bega likashuka,
na kiwiko kikatoka nje,
kiwiko kilekile kilichonitwanga mbavu miaka saba
tukichora ubao mmoja.

Nikajikuta nimesimama, maji yamemwagika,
na neno limenikaa kooni, limeshaiva:
Mwizi wa buluu wee!
Akageuka, kwa adabu zake zote:
Naam, babu?

Nikasema: Endeleeni.
Nikakaa.
Pembeni yangu kijana alikuwa gizani
akiutafuta mkono wangu ulipo.