Upande wa Kushoto

Nesta alivunjika nyonga mwezi wa sita
akianika mashuka kwenye upepo wa Wales,
na tangu hapo yuko juu, chumba cha mbele,
na mkongojo wa hospitali kando ya mto.
Idwal yuko chini.
Kati yao mna mbao, zulia,
na miaka hamsini na mmoja.

Sheria waliipanga siku ya kwanza:
kishindo kimoja, ndiyo.
Viwili, hapana.
Vitatu, panda upesi na usije na maneno.

Leo mjukuu, Mabli, ameshuka mlimani
na ndoo ya rangi iliyosuguliwa,
nusu yake beri,
zile ndogo, buluu ya kukaribia weusi,
zinazoota chini chini mpaka uziinamie
kama mtu anayeomba radhi.
Masaa matatu. Kondoo walimtazama.
Mvua ikamnyeshea, ikamwacha, ikamrudia.
Ulimi wake ni zambarau
na hakuna aliyeuliza kwa nini ndoo ni nusu.

"Msaidie babu yako," ikasema dari.
"Hajui hata mlango wa joko unafungukia wapi."
Kweli hajui.
Amepasua mawe ya kuezekea miaka thelathini na minne,
hulisikiliza jiwe akajua litafunguka wapi.
Lakini unga? Unga hausemi.

Mabli anasoma nyuma ya bahasha ya umeme,
mwandiko wa Nesta, wima, hauna huruma:
Unga, vikombe viwili. Siagi nusu yake, iwe baridi.
Sukari, mpaka uone aibu.
Fikicha.

"Nafikichaje?" Idwal akaiuliza dari.
Kimya. Halafu:
"Kama unavyofikicha udongo wa bustani
kuona kama umekauka."

Ah.

Vidole vile vyenye makovu ya kijivu
vikaingia bakulini, vikaanza kuulizauliza,
siagi iko wapi, unga uko wapi,
mpaka hapakuwa tena na wa kujibu peke yake.
Chenga. Chenga nene, chenga laini,
changarawe ya njiani baada ya mvua.
"Imekuwa mchanga!" Mabli akapaza sauti.
Kishindo kimoja.
"Tuongeze maji?"
Viwili, vya haraka.
Chokaa ikadondoka kwenye chai.

Beri chini, chenga juu, ovyo ovyo,
maana bahasha ilisema:
Usishindilie. Si kaburi.

Dakika arobaini.
Idwal akaketi mbele ya joko
kama alivyoketi mwezi wa sita kwenye korido,
kofia magotini.
Hakutazama saa. Alisikiliza.
Mwanzo, hakuna.
Kisha pembeni, tone moja: pwa.
Kisha pwa-pwa, juisi ikapanda, ikatoboa chenga,
ikachuruzika zambarau ukingoni,
na harufu ikatoka bila hodi,
ikapanda zile ngazi kumi na tatu
ambazo Nesta hajazishuka.

Vishindo vitatu.

Akapanda, moyo ukimtangulia.
"Itoe. Inaungua upande wa kushoto."
"Umejuaje?"
"Joko hilo huunguza kushoto tangu tuoane."

Akaitoa. Kushoto palikuwa peusi.
Akapakua mabakuli mawili, akamwaga malai,
akampelekea la upande wa kulia.
Nesta akalitazama, akanyoosha mkono kwa lile jingine,
kwa mazoea, bila kufikiri,
kama mtu anavyovaa kiatu chake.

Idwal akasimama na kijiko.
Miaka hamsini na mmoja, Jumapili kwa Jumapili,
hakuwahi kujua
kwamba chakula cha nyumba hii kina upande wa kushoto.
"Lete hapa," akasema.
"Wewe huupendi uchungu."
"Nani alikuambia?"
Akala. Ulikuwa mchungu kwelikweli.

Kutoka chini, Mabli: "Nzuri?"

Mkongojo ulikuwa umeegemea ukuta.
Kikasikika kishindo kimoja,
kizito,
cha kisigino cha buti.