Ndoo Tupu

Barua mbili zimefika wiki moja,
zote zimeanza na hongera.
Ya Dar: miaka miwili, masomo ya jioni,
ada nusu wao, nusu Mungu anajua.
Ya Kigali: miezi kumi na sita,
ada yote, chumba, na posho ya kula,
ila muhula wa kwanza ni hisabati kavu,
kama ugali bila mboga.

Mimi ni karani wa asali, Ipuli, Tabora.
Usiku nikafungua lahajedwali.
Safu ya ada. Safu ya walimu. Safu ya jina la chuo.
Kila safu nikaipa uzito wake,
kompyuta ikajibu: Dar.
Nikaguna. Nikaliongezea jina uzito.
Ikajibu: Kigali.
Nikaweka safu ya magoti ya mama,
nikaipa thelathini,
nikaona nimezidisha, nikaipa kumi na tano,
nikaona haya.
Kufika saa saba nilikuwa nimejiundia
mtumishi wa kuniitikia.

Nikawauliza waliotangulia.
Tausi wa Dar: "Tulichosoma mwaka wa kwanza
mwaka wa pili kilishachuja."
Mihayo wa Kigali: "Walimu wazuri.
Takwimu zao safi mno, hazinuki moshi."
Kwa mbali honi ya treni.
Reli ya Mwanza na ya Kigoma zinaachania hapa;
behewa haliulizwi.

Asubuhi Nyamizi Kapembe akashuka na lori la Sikonge,
ndoo tatu, nyuki mmoja bado kwenye kanga.
Nikapima. Nikatoa kilo mbili za ndoo, kama kawaida.
Akashika mizani kwa mkono.
"Kilo mbili umezitoa wapi?"
"Ndiyo kawaida, mama."
"Kawaida ya nani? Ndoo yangu nyembamba.
Usiikisie kwa ndoo ya mwenzangu.
Ipime."

Tukamimina asali kwenye pipa, taratibu, haina haraka ile.
Tukaisubiri ichuruzike mpaka tone la mwisho.
Ndoo tupu: kilo moja na gramu mia mbili.

Gramu mia nane.
Miaka miwili, kila ndoo nyembamba iliyopita hapa,
kwa mwandiko wangu mzuri,
kwa jedwali lile lile nililoambatanisha
kwenye maombi ya vyuo vyote viwili,
wakaniandikia: kazi yako imetuvutia.

Sikuirudia ile lahajedwali.
Nimewaandikia Dar na Kigali swali moja:
Kwenu, kabla ya hesabu, nani hupima ndoo?

Dar wamenitumia tena orodha ya ada.
Kigali, profesa mmoja ameuliza:
"Ndoo gani? Nieleze."

Mwisho wa kujibu ni Jumatatu.
Leo ni Ijumaa, nina daftari za miaka miwili mezani,
natafuta ndoo nyembamba, jina kwa jina.
Nyamizi: mia na kumi.
Kilo themanini na nane.
Nimempigia simu. Hapatikani.
Nitampigia tena, halafu nimjibu profesa.